Mabwawa, na Kuamua Kabla ya Kupata Yakini

Somo letu la safari hii ni la mabwawa ya maji: vipi watu wenye dhamana ya bwawa huamua kulitengeneza, au kulipunguza maji, au kuliacha kama lilivyo, hali ya kuwa hawajui ni mvua gani itakayonyesha wala hawayaoni yaliyomo ndani ya tuta. Huenda mtu wa Mji wa Kale akauliza: sisi na mabwawa tuna nini? Kisiwani hapana bwawa. Maji yetu hutoka chemchemi ya Mzima kwa bomba lililofunguliwa mwaka wa 1957, na visima vya Baricho kandokando ya mto Sabaki, na Marere katika milima ya Shimba, na Tiwi. Na yanapokatika, kama ilivyo ada yake, twarudi kwenye visima vya wazee wetu au kwa wauza maji wa mikokoteni.

Jawabu ni kuwa bwawa lililokusudiwa kuuondolea mji huu kiu limewekwa Kwale, juu ya mto Mwache, kwa fedha ambazo nyingi ni za Benki ya Dunia. Kwa mujibu wa ramani yake, kimo cha ukuta ni mita 87.5, na maji yatakayozuiwa nyuma yake ni kiasi cha mita za ujazo milioni 118. Na mto Mwache haumwagi maji yake mbali. Huteremka mpaka katika hori ya Port Reitz, nyuma ya bandari yetu, penye mikoko ya Bonje na wavuvi wake. Mvua kubwa za 1997 na 1998 ziliuteremsha mto huo na mchanga na tope hata mikoko mingi ya hori ile ikafa kwa kufunikwa mizizi. Basi maji tutakayoyanywa na maji tutakayoyakhofu yatatoka mlango mmoja, wala hapana mtu wa Mombasa awezaye kusema kwamba elimu hii haimhusu.

Kwanza na tukumbushane khabari ya Solai. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, katika kaunti ya Nakuru, tuta la bwawa la shamba kubwa lilipasuka, na maji yakawateremkia watu waliokuwa chini, wengine wamo majumbani mwao. Waliokufa hawakupungua 47, na wengi wao walikuwa watoto na wanawake. Mvua za masika ya mwaka ule zilikuwa nyingi kupita kiasi, na zilikuja baada ya ukame mrefu. Baada ya msiba, wasimamizi wa maji wa serikali walisema kuwa bwawa lile halikuwa na kibali. Kisha ikatolewa amri bwawa jingine la shamba lile lipunguzwe maji kwa hadhari. Tazama vyema, ndugu msomaji. Bwawa la pili halikuwa limepasuka, wala hapana aliyejua kwa yakini kama litapasuka. Walakini hukumu ilipatikana upesi. Kilichobadilika baina ya siku mbili hizo si elimu ya udongo wa bwawa la pili. Kilichobadilika ni nyoyo za watu. Na elimu tunayoisomesha hapa ni ya kuifikia hukumu ile ile kabla ya jeneza la kwanza.

Sasa tuingie katika mas-ala yenyewe. Asiyejua jambo huwa hajui kwa njia mbalimbali, na mwenye kuzichanganya hupotea. Iko mvua, na hiyo hatuwezi kuijua kabla ya kuja. Liko tuta, nalo lajulikana kwa mwenye kulipima, ila tumelipuuza. Na wako watu wakaao chini yake: idadi yao yajulikana kwa kuhesabiwa tu, tena kazi ya siku mbili, na ajabu ni kwamba hiyo ndiyo mara nyingi haifanywi.

Ama mvua, wahandisi huisema kwa lugha inayowakosesha watu. Husema “mafuriko ya miaka mia”, na msikilizaji akafahamu kuwa yakija mwaka huu basi tumestarehe mpaka wajukuu. Sivyo. Maana yake ni kuwa kila mwaka yana fungu moja katika mafungu mia ya kutokea. Chukua mfuko, utie shanga 100, moja nyekundu na 99 nyeupe. Kila mwaka utie mkono bila ya kutazama, utoe ushanga mmoja, uutazame, kisha uurudishe. Mwaka wa jana ukiwa ulitoa ule mwekundu, mwaka huu mfuko ni ule ule na ushanga mwekundu umo. Na ukifanya hivyo kwa miaka 50, uwezekano wa kuutoa mwekundu angalau mara moja ni karibu 40 katika mia. Kwa miaka 100 ni kama 63 katika mia. Basi bwawa lililojengewa kuhimili mafuriko ya miaka mia, nalo lakusudiwa kuishi miaka mia, lina uwezekano mkubwa zaidi wa kukutana na mafuriko yanayolishinda kuliko wa kutokutana nayo. Kwa sababu hii mabwawa makubwa yenye watu chini yake hupimiwa mvua ya miaka 10,000, au mvua kubwa kabisa inayoweza kufikirika mahali pale.

Na hapa pana tatizo la pili, lililo gumu zaidi: nani aliyezihesabu shanga? Katika nchi zetu daftari za mvua ni za miongo michache, na za mito ni fupi kuliko hizo, tena zina kurasa zilizo tupu. Juu ya hayo, hali ya hewa inageuka, na mfuko wa leo si mfuko wa mwaka wa 1960. Mhandisi mwaminifu akikuambia namba, atakuambia pia upana wa shaka yake. Na akikupa namba moja iliyonyoka bila ya shaka yoyote, hapo ndipo pa kumuuliza zaidi.

Ama tuta, sisi watu wa Pwani tuna mfano wake karibu. Birika la msikiti likipata ufa, maji hutoka kidogo kidogo, na ukuta wa nje ukawa na unyevu miezi mingi kabla ya kuharibika. Bwawa la udongo nalo ni hivyo, ila kwa khatari kubwa zaidi. Karibu mabwawa yote ya udongo huvuja kidogo, na kuvuja peke yake si ugonjwa. Maji yatokayo chini ya tuta yakiwa safi, huandikwa kiasi chake na kuangaliwa. Yakiwa yametoka na rangi ya udongo, maana yake yanakula tuta kutoka ndani, na njia yake hupanuka kila saa. Sababu nyingine kubwa ya kuvunjika ni maji kupita juu ya tuta, kwa kuwa njia ya kutolea maji ya ziada ni nyembamba au imezibwa na magogo. Mengine hutokana na miti iliyoachwa kuota juu ya tuta mizizi yake ikalitoboa, au mashimo ya wanyama, au msingi uliowekwa juu ya mwamba mbovu. Mengi katika haya yanaonekana kwa jicho la mtu aliyefundishwa kidogo na akapewa amri ya kupita kila juma na daftari mkononi.

Mwenye kutaka kuona mambo yote haya yalivyokusanyika mahali pamoja, na autazame mji wa Derna, nchi ya Libya. Ni mji wa Kiislamu ulio ukingoni mwa bahari kama huu wetu, nao umepitiwa katikati na bonde. Katika miaka ya 1970 yalijengwa mabwawa mawili juu ya bonde hilo ili kuukinga mji na mafuriko: la juu, Abu Mansur, kiasi cha kilomita 13 kutoka mjini, na la chini karibu kabisa na mji. Nyufa zilikwisha kuonekana tangu mwaka wa 1998. Mwaka wa 2007 kampuni ya Kituruki ilipewa kazi ya kutengeneza. Kazi haikuanza mpaka 2010, na 2011 ikaachwa kwa sababu ya vita. Mwaka wa 2021 wakaguzi wa hesabu waliandika kwamba fedha zilizotengwa katika 2012 na 2013 kwa ajili ya mabwawa hayo hazikutumika. Mwaka wa 2022 mtaalamu wa maji wa chuo kikuu cha Omar Al-Mukhtar alichapisha utafiti wake akionya kwamba mafuriko makubwa yakija mabwawa hayatastahimili. Usiku wa kuamkia tarehe 11 Septemba 2023 ikaja dhoruba iliyopewa jina la Daniel. Katika mji wa Al-Bayda, ulio jirani, ilipimwa mvua ya milimita 414 kwa saa 24, yaani zaidi ya theluthi ya mvua ambayo Mombasa hupata kwa mwaka mzima. Bwawa la juu lilivunjika, maji yake yakalivunja la chini, na mitaa mizima ikachukuliwa mpaka baharini pamoja na watu wake. Waliokufa na waliopotea ni maelfu.

Yatazame haya kwa jicho la mwanafunzi. Hapana hata mmoja aliyejua kuwa dhoruba itakuja mwaka wa 2023, wala hakuna wa kulaumiwa kwa kutokujua hilo. Lakini nyufa zilijulikana kwa miaka 25. Waliokuwa na amri hawakuamua kwamba mabwawa yabomolewe, wala hawakuamua kwamba yaachwe, waliahirisha. Na kuahirisha kuna hila yake: hakuandikwi katika daftari yoyote kuwa ni hukumu, hapana atiaye saini, na mwaka ukipita salama huhesabiwa kama dalili ya kwamba bwawa ni zima. Mwaka uliopita salama ni ushanga mweupe mmoja tu. Mwezi wa Julai 2024 mahakama ya Derna iliwahukumu maafisa 12 kifungo. Tena lau mabwawa yangeachwa matupu, milango ya chini wazi, wakati wa kungoja fedha na amani, gharama yake ingekuwa ndogo mno. Na lau ile ilani ya dhoruba ingefuatwa na amri moja iliyo wazi ya kulihama bonde, maji yangekuta nyumba tupu.

Wako wanaosema, na tumewasikia katika baraza zetu: haya yote ni kadari, na lililoandikwa halina kinga. Maneno haya ni ya haki yakatumiwa mahali pa batili. Mwaka wa 18 wa Hijra Sayyidna Umar alikuwa akielekea Sham, akafika mahali paitwapo Sargh, akapewa khabari ya tauni. Hakuwa na yakini ya nani atapatwa na nani ataokoka. Akawaita Muhajirina akawataka shauri, wakakhitalifiana. Akawaita Ansari, nao wakakhitalifiana. Kisha akawaita wazee wa Kikureshi, na hao wakaafikiana kuwa arudi na watu wake. Akaamua kurudi. Abu Ubayda alipompinga kwa hoja ya kadari, alimjibu kwa maana ya kwamba kurudi nako kumo ndani ya kadari. Na baadaye akatokea Abdurrahman bin Auf na elimu kutoka kwa Mtume iliyoisadiki hukumu ile. Lakini hebu angalia mpango wa mambo: hukumu ilitangulia, elimu iliyokamilika ikafuata. Hakungoja ikhtilafu za wataalamu ziishe, maana wakati wa kungoja watu wangekuwa wamekwisha kuingia penye tauni. Wala hakuamua peke yake gizani. Aliuliza kundi baada ya kundi, na alipokwisha kusikia akaamua.

Na katika mabwawa, hapana lililo mashuhuri kwetu kuliko Sadd ya Maarib, iliyotajwa khabari ya kuangamia kwake katika Suratu Saba. Wengi huisoma khabari hiyo kwa upande wa kuvunjika tu. Lakini tuta lile liliwatilia maji watu wa Saba kwa zaidi ya miaka 1,000, na maandishi yaliyochongwa katika mawe ya Yemen yaeleza kwamba liliharibika mara nyingi na likatengenezwa mara nyingi. Matengenezo makubwa yalifanywa katikati ya karne ya 5 ya Miladi, na mengine mwaka wa 548 katika utawala wa Abraha. Kisha utawala ukadhoofika, mikono ya kutengeneza ikapungua, na karibu na mwisho wa karne ya 6 likavunjika mara ya mwisho. Tuta halikuwa la milele hata siku moja. Lilikuwa likiishi kwa juhudi za kizazi baada ya kizazi.

Sasa tulete mfano wa kuhesabu, ili asomaye apate mizani. Tuseme liko bwawa la udongo la shamba fulani, na chini yake kijiji cha watu 300. Mafundi wawili wameliangalia. Wa kwanza asema ni zima. Wa pili asema ameona maji ya rangi ya udongo yakitoka chini. Kulichimba na kulipima kutachukua miezi 4, na masika yako miezi 2 mbele. Tuseme zaidi kwamba kauli ya fundi wa pili ina fungu moja tu katika 20 la kuwa kweli, na kuwa ikiwa kweli bwawa litapasuka usiku na wote wapotee. Hisabu itasema: 300 gawa kwa 20, bwawa hili limebeba mzigo wa roho 15. Lakini usidanganyike na namba hiyo ukadhani watakufa 15. Hatakufa hata mmoja, au watakufa 300. Namba 15 ni mizani ya kupimia tu.

Upande wa pili, kuyapunguza maji mita 2 kutamkhasirisha mwenye shamba mavuno ya msimu mmoja. Fundi wa kwanza akiwa ndiye mkweli, tumepoteza mboga, na mwakani bwawa litajazwa tena. Fundi wa pili akiwa ndiye mkweli, tumeokoa kijiji. Khasara ya kwanza hulipika kwa fedha; ya pili hailipiki. Kwa hivyo maji hupunguzwa leo, na wakati huo huo huanza kuchimbwa na kupimwa, kwa kuwa kupima kwenyewe kunafaa pale tu ambapo jawabu laweza kubadilisha tutakalolitenda. Utafiti usioweza kubadilisha kitu ni njia ya heshima ya kuahirisha.

Mtu atasema: mabwawa ni mengi na fedha ni chache. Hili ni kweli, nalo ndilo zito kuliko yote. Mwanzoni mwa Mei 2024, siku chache baada ya msiba wa Mai Mahiu, serikali ilitaja mabwawa na mahodhi 178 katika kaunti 33 yaliyokhofiwa kufurika, ikawaamuru walio karibu nayo wahame kwa muda wa saa 24. Na Mai Mahiu yenyewe ni funzo: mwanzo ilisemwa kuwa bwawa limepasuka, kisha ikabainika kwamba maji yalikusanyika nyuma ya tuta la reli kwa kuzibwa njia iliyo chini yake. Tuta la reli nalo likizuia maji ni bwawa, hata kama halikuandikwa katika daftari la mabwawa. Pasipo na fedha za kutosha, kosa kubwa ni kulichukua bwawa moja, khasa lile la mkubwa mwenye sauti, likatengenezwa hata likang'aa, na 177 yakabaki vile vile. Kwa rai yetu huanzwa na yale yenye watu wengi chini yake na dalili mbaya, na kila moja hupewa kwanza yale yaliyo rahisi: kusafisha njia ya maji ya ziada, kukata miti juu ya tuta, kuziba mashimo, kumweka mlinzi mwenye simu na amri ya kupiga kengele bila ya kungoja ruhusa ya bwana shamba. Saruji na mitambo hufuata.

Hilo la bwana shamba lataka neno. Katika mabwawa mengi manufaa humwendea aliye juu na khatari humshukia aliye chini, wala hawa wawili hawakuketi pamoja kuafikiana. Wanazuoni wetu wa zamani waliitazama mas-ala inayofanana na hii: ukuta wa mtu ulioinamia njia. Kauli mashuhuri kwa Mahanafi ni kuwa mwenyewe akionywa mbele ya mashahidi, akapata wakati wa kuubomoa na asiubomoe, ukiangukia mtu dhima ni yake. Katika madhehebu yetu ya Kishafii kuna ufafanuzi mwingine, na hutenganishwa ukuta uliojengwa hali ya kuinama na ule uliosimama kisha ukainama wenyewe. Lakini ona jinsi kauli ya kwanza inavyolifaa jambo letu. Haikuuliza kama mwenye ukuta alijua siku utakayoanguka. Imeuliza mambo mawili tu: je, ameonywa? na je, alikuwa na wakati? Lau kila onyo la fundi lingeandikwa, likashuhudiwa, likatiwa tarehe na kubandikwa ukutani kijijini, kuahirisha kungekuwa na jina la mtu.

Turudi Mwache. Ukuta wake umekusudiwa kuwa wa zege, wala si wa udongo, na zege haliliwi na maji yanayopita juu yake kama udongo. Walakini msingi wake ni ule ule mwamba ulioko, na wakati ambapo msingi hufichua aibu yake ni pale bwawa linapojazwa kwa mara ya kwanza. Bwawa la Teton, Marekani, lililokuwa la udongo, lilivunjika tarehe 5 Juni 1976 kabla halijawahi kujaa hata mara moja. Mvujo mdogo ulionekana asubuhi, na kabla ya adhuhuri lilikuwa limekwisha. Kule Malpasset, Ufaransa, ukuta ulikuwa wa zege, na mwamba wa ubavuni ukasalimu amri usiku wa tarehe 2 Disemba 1959 maji yalipofikia kima ambacho hayajapata kukifikia. Walikufa zaidi ya watu 400. Kwa hivyo, mikutano ya wananchi ikiitishwa Kwale au hapa mjini, yako ya kuuliza, nayo hayahitaji mtu awe mhandisi. Maji yatapandishwa kwa mwendo gani, na yatasimamishwa katika vima gani ili kupimwa mvujo? Milango ya chini imekwisha kujaribiwa kabla ya maji kuingia? Ramani ya maji yatakakofika iwapo ukuta utashindwa iko wapi, na je, wavuvi wa hori wameonyeshwa? Nani atakayepiga king'ora usiku, na nani mwingine ikiwa huyo amelala? Na hisabu ya mvua iliyotumiwa itarudiwa kufanywa baada ya miaka mingapi?